Dohani Zisizotoa Moshi

Mgeni akizuru baadhi ya bustani za Texas, huko Marekani, huenda akakuta mnara mwembamba wa mbao, urefu wake kama futi 12, hauna dirisha, na kilele chake ki wazi. Akidhani ni choo atakuwa amekosea. Hiyo ni dohani, nayo haitawashwa moto kamwe.

Mwenye nyumba ni teleka, ndege mwenye mbawa kama mundu ambaye wengi humchanganya na mbayuwayu. Jamaa zake tunawaona hapa kwetu chini ya madaraja na mapaa ya majumba. Huyu wa Marekani hawezi kutua tawini. Hujishikiza ukutani kwa kucha. Huvunja vijiti angani kwa miguu, akavigandisha kwa mate yake mpaka vikawa kiota.

Hapo kale aliishi katika mapango ya miti mikubwa. Walowezi wa Kizungu walipoifyeka, alihamia katika dohani zao za matofali, naye akaneemeka. Sasa dohani hizo zinazibwa au kubomolewa. Zile za chuma ni mtego mtupu: ndege huteleza hadi chini asiweze kupanda tena, kwa hiyo hizo ni heri zifunikwe. Wadudu anaowala pia wamepungua. Tangu 1966 zaidi ya nusu ya teleka hao wametoweka.

Ndipo Paul Kyle na mkewe Georgean, wakazi wa Austin, walipoanza kujenga minara, na mwaka 2005 wakatoa kitabu cha kuwafundisha wengine. Jambo kubwa ni kwamba mbao za ndani zisipigwe randa, ili kucha zipate pa kushika. Na mnara mmoja hutagiwa na jozi moja tu, hata uwe mpana namna gani! Lakini kabla ya kusafiri kwenda Amerika ya Kusini, ndege hao hao hulala pamoja kwa mamia katika dohani moja kubwa, wakimiminika ndani magharibi mithili ya moshi unaorudi ulikotoka.

Mwenye dohani ya matofali hana haja ya kununua hata msumari. Aisafishe masizi mwezi wa Machi, kabla wageni hawajafika, kisha aiache wazi. Makinda watampigia kelele majuma machache, na sheria ya mwaka 1918 haimruhusu kuwafukuza.