Kabla Hujauza Gitaa, Badilisha Piki

Saa tatu usiku. Mmeshakula, vyombo vimeoshwa, na mmoja wenu anachukua lile gitaa kavu lililoegemezwa kwenye kona ya sebule. Nyimbo anazijua, vidole havikosei, lakini hazipiti dakika kumi mwenzake ameshaongeza sauti ya TV. Akiulizwa kulikoni, anajibu: "Si kwamba hujui kupiga. Linanikwaruza masikio."

Hapo ndipo kisirani huanza. Mpigaji anaona amedharauliwa, msikilizaji anaona anaonewa, na mwisho wa mwezi mtu anaanza kupigia hesabu gitaa jipya kwa pesa iliyotengwa kwa ajili ya kodi ya nyumba. Noma!

Subirini kwanza, wapenzi. Mara nyingi tatizo si gitaa wala si mapenzi. Ni piki. Hapana, si ile ya kupakia abiria! Tunazungumzia kile kipande kidogo cha plastiki chenye pembe tatu, kinachoshikwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Bei yake mara nyingi haifiki hata ya chakula cha mchana.

KWA NINI LINAKWARUZA?

Uzi wa gitaa ukiguswa hautoi sauti moja. Hutoa sauti nene ya msingi, na juu yake sauti nyembamba nyingi. Zile nyembamba zikizidi, unasikia mlio mkali kama wa bati. Zikipungua, mlio unatulia, unakuwa na joto, kama mtu anayekusemesha akiwa karibu. Ncha kali ya piki hugusa uzi mahali padogo sana na kuziamsha zile nyembamba. Ncha butu, ya mviringo, hugusa mahali papana zaidi na kuzituliza. Siri kubwa ni hiyo tu.

TAZAMA UNENE

Piki hupimwa kwa milimita, na mara nyingi namba imeandikwa juu yake. Iliyo chini ya 0.6 ni laini, inapinda, na ikiachia uzi inatoa "tak!" ya plastiki. Kwa kuchangamsha kwaya au kuimba na washkaji ni tamu sana, ila sebuleni usiku ile "tak" ndiyo inayomchosha mwenzako. Kati ya 0.7 na 0.9 ni ya wastani. Kuanzia 1 hadi 1.5 haipindi ovyo. Inausukuma uzi, na sauti inatoka nene, besi ikisikika vizuri.

Wengi huikimbia piki nene kwa sababu inanasa kwenye nyuzi. Dawa yake si kuibana, ni kuilegeza mkononi. Ishike kama unavyoshika ufunguo, si kama unavyoshika nyundo.

IMETENGENEZWA NA NINI?

Nailoni ni laini na mlio wake umepoa. Seluloidi iko katikati. Za mbao na za ngozi zina sauti ya upole zaidi, ingawa huchakaa mapema. Za chuma ziache kwanza. Brian May wa kundi la Queen anasifika kwa kupigia sarafu ya peni sita ya Uingereza, lakini yeye anatafuta makali, wewe unatafuta utulivu.

Zamani piki zilizosifiwa kuliko zote zilitengenezwa kwa gamba la ng'amba, kasa huyu huyu anayeishi katika bahari yetu. Mkataba wa CITES ulifunga biashara ya kimataifa ya magamba hayo katika miaka ya 1970, kwani ng'amba yuko hatarini kutoweka. Ukiuziwa ufukweni, kataa.

Huna muda wa kuzunguka madukani? Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Unene wake ni milimita 0.76, sawa kabisa na piki ya wastani. Kata pembetatu, zungusha pembe zake, halafu omba tupa ya kucha ulainishe kingo mpaka zisikwaruze. Kipande kilichobaki, chenye namba na chipu, kikatekate kabisa.

MKONO NAO UNA KAZI

Kabla hujatoa hata shilingi, jaribu haya mawili. Kwanza, geuza piki uliyonayo: badala ya ncha, tumia moja ya zile pembe mbili za juu zilizo butu. Pili, sogeza mkono. Ukipigia karibu na daraja, mahali nyuzi zinapofungwa, mlio unakuwa mkali. Ukipigia juu ya tundu au karibu zaidi na shingo, unapoa mara moja.

Na kama bado, iweke piki mezani. Wes Montgomery, bingwa wa gitaa la jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 1968, alikuwa mtu wa ajira kama wewe: mchana kazini, usiku gitaa. Inasimuliwa kwamba aliacha piki akapiga kwa dole gumba ili asiwasumbue watu wa nyumbani na majirani. Sauti hiyo ya kubembeleza ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani. Hapa jirani, Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga gitaa kavu kwa dole gumba na kidole cha shahada, akiimba kwa Kiswahili, na hadi leo wapiga gitaa wanahangaika kumwiga.

JARIBIO LA WAWILI

Nunueni piki tatu: 0.6, 0.88 na 1.2 au zinazokaribia. Msikilizaji akae chumba cha pili, asione. Mpigaji apige wimbo ule ule, kwa nguvu ile ile, mara tatu, akibadilisha piki bila kusema. Msikilizaji achague. Kwa nini yeye? Kwa sababu tundu la gitaa linamwelekea yeye. Mpigaji yuko nyuma ya gitaa, na yale makali anayolalamikiwa huyasikia kidogo kuliko yanavyomfikia aliye mbele.

Wewe mpigaji, chaguo lake likiwa tofauti na lako, usinune. Mtu anayekwambia sauti fulani inamuumiza, kisha akakaa kusikiliza nyingine tatu, bado anataka kukusikia. Na wewe msikilizaji, ukishachagua, zima TV. Usimwache apige peke yake.