Ngazi ya Mbio za Magari na Kipago Kilichokosekana

Kijana wa Palma au wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, atazamaye mbio za Formula 1 katika televisheni huwaona madereva waliokwisha kufika kileleni, na maadamu haioni njia waliyoipanda, aghalabu hudhani kwamba ujasiri na kukanyaga mafuta bila ya hofu ndivyo vilivyowafikisha. Ilhali kazi hii ina ngazi yake, yenye vipago vilivyopangwa kwa sheria, na hapana awezaye kuruka kutoka ardhini hadi juu kwa uhodari mtupu.

Kipago cha kwanza ni karti, kigari kisicho na springi wala bodi, ambacho watoto wa hirimu ya miaka minane hufunzwa kukiongoza, na kila mtikisiko wa njia huwapata moja kwa moja mwilini. Atimizapo miaka kumi na mitano, mwanagenzi huruhusiwa kuingia Formula 4, daraja iliyoanzishwa mwaka 2014 na FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari ulimwenguni, na hapo ndipo akutanapo na gari la kiti kimoja ambalo magurudumu yake yako nje, bila ya kufunikwa. Kisha hupanda Formula 3, yenye injini ya nguvu za farasi takriban 380, na baada yake Formula 2, yenye nguvu zipatazo 620.

Katika daraja hizo mbili za juu timu zote hupewa gari la mtengenezaji mmoja na injini ya namna moja, kusudi mizani impime dereva na si kiwanda. Kama ilivyo katika mashindano ya mashua, matanga yakiwa ya kipimo kimoja na upepo ni ule ule, nahodha ndiye ajulikanaye. Wala kinachopimwa si kasi peke yake. Gari hizi zina mabawa yanayotumia upepo kuzigandamiza barabarani, hata zikakata kona kwa mwendo ambao gari la kawaida lingeserereka likatoka njiani. Walakini amfuataye mwenziwe kwa karibu hupokea upepo uliokwisha kuvurugwa, gari lake likapungukiwa na mshiko, na matairi yake yakapata moto na kulika upesi. Kwa hiyo kijana hana budi kujifunza subira: lini amsogelee aliye mbele, lini ajitenge ili kuyahifadhi matairi, na lini atumie vyote alivyoviweka akiba.

Fauka ya hayo, kwa kawaida leseni ya Formula 1 haitolewi ila kwa aliyetimiza miaka 18 na kukusanya alama 40 katika misimu mitatu. Bingwa wa Formula 2 huzipata zote 40 kwa mwaka mmoja, wa Formula 3 hupata 30, na wa Formula 4 hupata 12 tu.

Ngazi hii ikishaeleweka, na tumtazame Mwafrika wa pekee aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Jody Scheckter alizaliwa mwaka 1950 katika mji wa East London, Afrika Kusini, akaanza na karti angali mtoto, na mwaka 1970 akashinda katika Formula Ford, daraja ya madereva chipukizi, zawadi iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya kumpeleka dereva Ulaya. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza. Oktoba 1972 timu ya McLaren ilimpa gari la Formula 1 huko Watkins Glen, Marekani. Na mwaka 1979 akatwaa ubingwa akiwa na Ferrari. Ni kweli kwamba katika nchi yake ya wakati ule, iliyotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, mlango huo haukuwa wazi kwa kijana mweusi. Lakini funzo la zawadi ile linabaki, nalo ni kwamba kipago kigumu kuliko vyote kwa Mwafrika ni gharama ya kuvuka bahari.

Hata Lewis Hamilton, mzaliwa wa Stevenage, Uingereza, ambaye baba yake alishika kazi kadhaa ili amlipie mashindano ya karti, alihitaji auni: mwaka 1998, akiwa na miaka 13, McLaren na Mercedes walimchukua chini ya ulezi wao. Ndipo akashinda Formula Renault ya Uingereza mwaka 2003, akashinda mbio 15 kati ya 20 za Formula 3 ya Ulaya mwaka 2005, akatwaa mwaka 2006 ubingwa wa GP2, iliyokuja kurithiwa na Formula 2, na mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia.

Msumbiji si mgeni wa mbio hizi, kwani katika miaka ya 1960 Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, ilikuwa na Grand Prix yake; lakini kwa barabara Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka mto Ruvuma, mpaka wa kaskazini, na watazamaji hawageuki madereva kwa kutazama. Mbio za Formula 1 zilifanyika Afrika mara ya mwisho huko Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993, na Desemba 2024 Rwanda ilitangaza azma ya kuzirejesha barani. Ni azma njema, ila Grand Prix huwaleta mabingwa wa wengine kwa siku tatu, kisha wakaondoka. Atakaye bingwa atokaye kwetu na aanze chini: kiwanja cha karti ambacho mtoto maskini ataingia bila ya malipo, na zawadi ya kila mwaka, mithili ya ile ya 1970, itakayomvusha mmoja aliye bora.