Babu Kuketi na Wajukuu Asiowaona

Juma lililopita nilikuwa Bagamoyo, katika studio ndogo ya picha. Bibi mmoja aliingia na bahasha ya kaki yenye picha mbili. Moja ya marehemu mumewe, imepauka na kuota madoa ya ukungu, kama zilivyo picha nyingi za huku pwani. Ya pili ya wajukuu wanne, iliyopigwa siku ya Idi. "Mwanangu," akamwambia fundi, "hawa hawakumwona babu yao. Niwekee pamoja."

Kazi hiyo si ngeni katika mwambao wetu. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor alijulikana kwa kuunganisha picha kwa mkono kabla kompyuta hazijafika. Siku hizi mkasi umehamia ndani ya programu. Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, iliongezewa matabaka mwaka 1994, katika toleo la 3.0.

Tabaka ni nini? Fikiria vipande vya kioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mchoro wake. Ukitazama kutoka juu unaona picha moja. Fundi aliweka wajukuu chini, mzee juu yao. Ukuta uliokuwa nyuma ya mzee hakuufuta, aliufunika kwa maski: akipaka nyeusi panafichika, akipaka nyeupe panarudi. Madoa aliyaziba kwenye tabaka tupu la juu, kama fundi cherehani atiaye kiraka bila kukata nguo. Mpauko aliuondoa kwa tabaka lisilo na picha yoyote, linalobadili tu mwanga wa yaliyo chini yake.

Tatizo likawa jua. Mzee lilimpiga kutoka kushoto, watoto kutoka kulia. Fundi akamgeuza mzee kama kwenye kioo. Bibi akaruka: "Huyu siye! Kovu la mume wangu liko shavu la kulia." Fundi akamrudisha alivyokuwa, akapaka kivuli chepesi kwenye tabaka la peke yake. Kwa mkasi, hapo picha ingekuwa imekwisha haribika.

Nikamwuliza fundi huhifadhi vipi kazi zake. Akasema kwa JPEG tu, kuokoa nafasi. Hapo tukabishana. JPEG hubana matabaka yote kuwa moja, kiraka na nguo havitenganishiki tena. Faili la PSD ni kubwa, lakini huyaacha yalivyo, na atakaye kujua kilichoongezwa anaweza kuonyeshwa. Si ubishi wa bure: bibi alikwisha tueleza kwamba shamba la minazi la marehemu bado halijagawanywa, na picha hiyo itakaa kwenye sanduku moja na karatasi za mirathi. Babu aliyepakata mjukuu aliyezaliwa baada ya kufa kwake! Kesho nani atakumbuka?

Fundi akakubali kuhifadhi PSD, na picha ya zamani akaiskani bila kuigusa. Chini ya ile mpya akaandika: picha ya kuunganishwa, na mwaka. Bibi hakukataa. Aliomba tu maandishi yawe madogo.