Majonzi ya kufiwa na mbwa wa tiba

Majonzi ya kufiwa na mbwa wa tiba ni huzuni inayowapata watu baada ya kifo cha mbwa aliyezoezwa kuwafariji wagonjwa, wazee, wanafunzi au watu waliopatwa na maafa. Huzuni hiyo humpata kwanza mwongozaji wake, yaani mtu anayemlea na kwenda naye kazini, lakini huwafikia pia wale waliokuwa wakitembelewa. Wataalamu wa saikolojia huihesabu kuwa majonzi ya kweli, ingawa katika jamii nyingi haipewi uzito unaopewa msiba wa mtu.

Maana ya mbwa wa tiba

Mbwa wa tiba si sawa na mbwa wa huduma. Mbwa wa huduma hufunzwa kumsaidia mtu mmoja mwenye ulemavu, kwa mfano kumwongoza asiyeona. Mbwa wa tiba huwafariji watu wengi: hupelekwa hospitalini, katika makao ya wazee au shuleni, na watu humpapasa na kuzungumza naye. Kwa kawaida huishi nyumbani kwa mwongozaji, ambaye mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kabla ya kuanza, wawili hao hupimwa pamoja. Mbwa sharti awe mpole, asishtushwe na kelele, magongo wala viti vya magurudumu.

Historia

Smoky, mbwa jike mdogo wa aina ya Yorkshire Terrier, hutajwa mara nyingi kuwa mbwa wa tiba wa kwanza anayejulikana. Alikutwa katika handaki nchini Guinea Mpya mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akachukuliwa na askari Mmarekani William Wynne. Wynne alipolazwa hospitalini kwa homa ya denge, rafiki zake walimpelekea mbwa huyo, na wauguzi wakaanza kumpitisha kwa majeruhi wengine. Baada ya vita Smoky aliendelea kutembelea hospitali nchini Marekani.

Smoky alikufa tarehe 21 Februari 1957. Wynne na familia yake walimzika ndani ya sanduku la risasi la wakati wa vita, katika hifadhi karibu na Cleveland, Ohio. Tarehe 11 Novemba 2005, miaka 48 baadaye, mnara wa kumbukumbu yenye sanamu yake akiwa ndani ya kofia ya chuma ya askari ulizinduliwa mahali hapo.

Upande wa sayansi, Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto mjini New York, aligundua kwamba mtoto aliyekuwa mgumu kuzungumza alifunguka mbele ya mbwa wake, Jingles. Alichapisha makala kuhusu jambo hilo mwaka 1962. Mwaka 1976 muuguzi Elaine Smith alianzisha nchini Marekani shirika la kupima na kusajili mbwa wa tiba.

Sababu za uzito wa majonzi

Sababu ya kwanza ni mazoea. Mwongozaji na mbwa wake huwa pamoja nyumbani na kazini, na ratiba ya siku nzima humfuata mnyama: kumlisha, kumwogesha, kumtembeza.

Pili, mwongozaji hupoteza mambo mawili kwa wakati mmoja. Mbwa akifa, na ziara hukoma. Mtu aliyekuwa akingojewa kila wiki wodini hana tena sababu ya kwenda huko, na watu aliowazoea huwa mbali naye.

Tatu, mara nyingi kifo hutokana na uamuzi. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13 hivi, na wale wa aina kubwa huishi pungufu ya hapo. Mnyama anapozeeka na kuteseka, daktari wa mifugo anaweza kushauri achomwe sindano ya kumaliza uhai bila maumivu. Baadaye mwenye mbwa hujiuliza kama aliharakisha au alichelewa, na maswali hayo huzaa hisia za hatia.

Nne ni ukosefu wa faraja. Mwaka 1989 mtaalamu Kenneth Doka wa Marekani alieleza aina ya majonzi ambayo jamii haiyatambui: mfiwa hana matanga, hapewi ruhusa kazini, wala hapokei pole. Kifo cha mnyama ni mfano mmojawapo. Maneno kama "alikuwa mbwa tu" humfanya mfiwa afiche huzuni yake, nayo huzidi kuwa nzito.

Katika Afrika Mashariki mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi au uwindaji. Aidha, Waislamu wa pwani, ambao wengi hufuata madhehebu ya Shafi, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, hivyo kwa kawaida hawamfugi ndani ya nyumba. Lugha nayo huonyesha tofauti: mtu "hufariki", mnyama "hufa". Kwa hiyo anayemlilia mbwa anaweza kukosa wa kumweleza, hata kama majirani zake ni watu wema.

Watoto na wagonjwa

Mgonjwa au mtoto aliyemzoea mbwa hugundua haraka kwamba haji tena. Washauri nasaha hupendekeza aambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Kumwambia mtoto kwamba mbwa "amelala" kunaweza kumtia hofu ya kulala, na kusema "amesafiri" humwacha akisubiri. Katika wodi ya watoto habari hiyo huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mtoto mgonjwa anaweza kuuliza juu ya kifo chake mwenyewe. Inafaa itolewe na mtu anayemwamini, mwenye muda wa kujibu maswali.

Namna ya kufarijiana

Hakuna muda maalumu wa majonzi kwisha. Mambo yafuatayo huwasaidia wengi:
* Kumzika mnyama au kufanya kumbukumbu fupi pamoja na watu aliowahudumia.
* Kuhifadhi picha yake au mkanda wake wa shingoni.
* Kuzungumza na waongozaji wengine waliopatwa na hali hiyo.
* Kutoharakisha kutafuta mbwa mwingine. Mbwa mpya ana tabia yake na sharti apimwe upya. Hawezi kuwa yule wa kwanza.
* Kwenda kuwatembelea wagonjwa bila mbwa, kwa anayeweza.

Anayemfariji mfiwa hahitaji maneno mengi. Kumwambia "pole", kumtaja mbwa kwa jina na kusikiliza hutosha mara nyingi. Lakini mfiwa akikosa usingizi au hamu ya kula kwa majuma mengi, akishindwa kazi, au akianza kufikiria kujidhuru, anapaswa kupelekwa kwa daktari au mshauri nasaha bila kukawia.