Kabla ya Kufuta Programu, Ipimwe Kumbukumbu

Kompyuta ya mezani ikianza kuzimika ghafla, kuonyesha kioo cha buluu, au kukataa kufungua faili lililofunguka jana, aghalabu lawama huangukia virusi. Mwenye mashine humlipa fundi ili programu zote zifutwe na kupakiwa upya. Baada ya wiki mbili maradhi hurejea, na fedha zimekwisha kwenda. Yafaa kwanza kuvichunguza viungo vyenyewe, hasa vile vibao vyembamba vya kumbukumbu viitwavyo ramu.

Ndani ya ramu mashine huweka kila inachokishughulikia kwa wakati ule, kabla hakijahifadhiwa katika diski. Chembe moja ikiharibika, tarakimu hugeuka pasipo onyo, na kosa likaandikwa katika diski kana kwamba ni kweli. Hatari hii ni kubwa kuliko kuzimika kwenyewe. Picha za arusi au hesabu za ushirika huharibika kidogo kidogo, na hata nakala itolewayo kwa mashine hiyo hiyo yaweza kutoka mbovu. Hapana budi diski ichomolewe, na nyaraka za thamani zinakiliwe kwa kompyuta nyingine iliyo nzima.

Makosa ya kumbukumbu si mageni. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa kampuni ya Intel, Timothy May na Murray Woods, walionyesha kwamba chembe za alfa, zitokazo katika mabaki madogo mno ya urani na thori yaliyomo kwenye vifuniko vya chipu, huweza kugeuza tarakimu. Kosa la namna hiyo hupita, chipu ikabaki nzima. Kibao kilichoharibika, kinyume chake, hurudia kosa, na kwa sababu hiyo hunaswa kwa kipimo.

Windows, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, huja na kipimo chake: huandikwa neno mdsched mahali pa kutafutia, mashine ikajizima, ikawaka na kuanza kupima. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure ipakiwayo kwenye flashi na kuendeshwa kabla Windows haijawaka, kwa kuwa kumbukumbu iliyoshikwa na kazi nyingine haipimiki yote. Huandika sifuri na moja kwa mipangilio mingi, kisha ikasoma na kulinganisha. Iachwe usiku kucha. Kosa lolote, ijapokuwa moja, halisamehewi.

Kosa likionekana, mashine izimwe na waya uchomolewe ukutani. Mwenye kuifungua aguse kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli umtoke mwilini. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani kisifunguliwe kamwe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya waya kutoka. Vibao vitolewe, vumbi lipulizwe, virudishwe hadi vikaze. Si mara chache ulegevu huo ndio ugonjwa wote. Makosa yakiendelea, vipimwe kimoja kimoja katika tundu lile lile. Vyote vikikosea hapo na kutoka safi katika tundu jingine, mbovu ni bodi kuu, wala si ramu.

Stakabadhi ya ununuzi isitupwe: baadhi ya watengenezaji hubadilisha kibao kibovu hata baada ya miaka mingi.