Nyanjiru Mbele ya Bunduki
Harry Thuku, kiongozi wa Wakikuyu aliyepinga utawala wa kikoloni wa Waingereza nchini Kenya, alikamatwa Nairobi tarehe 14 Machi 1922. Alikuwa amepinga kodi, kipande (hati ya utambulisho ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba) na kazi ya lazima iliyowapeleka wasichana kwenye mashamba ya walowezi. Ndiyo maana wanawake walimpenda.

Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Viongozi waliowasihi watu watawanyike walikaribia kufaulu. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza, akapandisha nguo yake mpaka juu, akawaambia wanaume wampe suruali zao, wao wavae gauni lake. Kwa Wakikuyu tendo hilo lilikuwa zito, la kumwaibisha mwanamume kupita tusi lolote. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21, wanne wakiwa wanawake. Walioshuhudia walitaja wengi zaidi.

Hasira kama hiyo huwa imelimbikizwa muda mrefu. Ilionekana tena karne moja baadaye nchini Iran: Septemba 2022 Mahsa Amini, msichana Mkurdi wa miaka 22, alifariki Tehran akiwa mikononi mwa polisi wa maadili, waliomkamata wakidai hakuvaa hijabu ipasavyo. Kwenye mazishi yake, mjini Saqqez, wanawake walivua mitandio yao, na maandamano yakaenea Iran nzima.