Mafuta Yaliyoharibika na Ubongo wa Wazee Wetu

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Tabora hatukosi mzee aliyeanza kusahau. Anauliza jambo moja mara tano, au anapotea njia ya kisimani aliyoizoea tangu ujana. Wengine husema amerogwa. Wengine, vibaya zaidi, husema yeye mwenyewe ni mchawi. Mwezi huu tunaeleza jambo moja linaloweza kuumiza ubongo bila mkono wa mchawi yeyote.

Kolesteroli ni aina ya mafuta, wala si adui. Mwili wenyewe huitengeneza, na ubongo una karibu robo ya kolesteroli yote tuliyo nayo. Hatari huanza inapoungana na oksijeni, hasa kwenye moto mkali. Hapo huharibika, kama jembe lililoachwa nje linavyoshika kutu. Mwaka 1987 mtaalamu Jacobson aliandika katika jarida la Lancet la Uingereza kwamba aliikuta kolesteroli ya namna hiyo kwa wingi katika samli ya Kihindi, lakini si katika siagi mpya. Mwili nao huitengeneza kiasi. Kolesteroli ya kawaida iliyomo katika damu haiingii ubongoni, lakini baadhi ya aina hizi zilizoungana na oksijeni huweza kupenya.

Je, inadhuru namna gani? Tukumbuke misafara ya zamani iliyotembea karibu kilomita 1,200 kati ya Bagamoyo na Ujiji, ikipumzika hapa Unyanyembe. Kirangozi alitangulia. Akitoa ishara, wapagazi walijitwika mizigo, akisimama, walipumzika. Ndani ya seli ya neva kuna protini iitwayo kalmodulini, nayo ndiyo kirangozi. Madini ya kalsiamu yakiingia kidogo, kalmodulini huyapokea na kuamsha vimeng'enya vifanye kazi. Yakitoka, kazi hukoma. Kolesteroli iliyoharibika huweza kufungua mlango, kalsiamu ikamiminika bila kipimo. Sasa kirangozi hasimami, na wapagazi wanatembea mpaka wanaanguka. Seli inakufa.

Ndiyo maana wataalamu wamejaribu kumzuia kirangozi huyo. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba kalmodulini ikizuiwa, seli za neva huenda zikastahimili sumu hii. Lakini seli katika chupa si mtu mzima. Hiyo bado si tiba.

Tunatoa onyo hapa. Klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili, huzuia kalmodulini pia. Mtu asiinunue dukani ampe bibi au babu anayesahau. Huweza kushusha shinikizo la damu, kumfanya atetemeke na kuanguka, na kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau huongeza hatari ya kifo. Dawa hiyo itolewe na daktari tu.

Nyumbani tunaweza kufanya haya:

1. Mafuta ya kukaangia nyama au samaki yakishakuwa meusi, tuyamwage. Tusiyaongezee mapya juu yake.

2. Samli tuitengeneze kidogo kidogo, kwa moto wa wastani, na kuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua.

3. Dagaa wakavu tuwachague wasionuka mafuta yaliyochacha, na tusiwaweke muda mrefu.

4. Tule mboga za majani na matunda, na tupimwe shinikizo la damu na kisukari, kwa maana hayo pia huumiza ubongo.

Hatusemi kwamba kila mzee anayesahau ameumizwa na mafuta. Sababu ni nyingi, na nyingine hutibika, kama upungufu wa vitamini au huzuni ya muda mrefu. Kwa hiyo tumpeleke mzee hospitali mapema, si kwa mganga wa ramli. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu wazazi. Mama aliyesahau jina la mwanawe bado ni mama yake, na ulinzi wake wa kwanza ni sisi wa nyumbani.